Mzee wa Mizabibu Hakuniita

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nimeisimulia mara nyingi ili kuchekesha watu. Leo nataka kuisimulia bila nia hiyo. Ukicheka, cheka, sitakudai. Najua safari ya kazi inakungoja, lakini usiinuke kabla sijafika mwisho.

Mimi ni mtoto wa Makongeni. Baba alikuwa fundi wa reli, nasi tuliishi katika nyumba za reli, chumba kimoja na sebule ambayo giza likiingia ilikuwa chumba cha pili. Chuma hakikunipenda. Nikamfuata mjomba wangu Nzioka kwenye kibanda cha wachongaji nyuma ya soko la Gikomba, na huko nikajifunza kuchonga twiga na kuuza twiga. Katika kuchonga nilikuwa wa kawaida tu. Katika kuuza, bila kujisifu, wenzangu waliacha kazi zao wakaja kunitazama. (Mpingo wetu mwingi ulikuwa mjakaranda uliopakwa rangi nyeusi ya viatu, lakini hayo tuyaache, waliohusika wengi wamelala.)

Mjomba ndiye aliyenifunza kutumia mgongo. Kama hujaridhika na unachopewa, usigombane. Unasema, "Haya basi, tutaonana," unachukua mfuko wako, unageuka, unatembea polepole kama mtu mwenye mahali pengine pa kwenda. Hutafika mbali. Utasikia nyuma yako, "We kijana! Rudi hapa tuongee!" Kwa mgongo nilinunua viatu. Kwa mgongo nilinunua magogo ya mhugu ya kuchongea. Hata chumba changu cha kwanza cha kupanga, kule Ziwani, nilikipata nikiwa nimempa mwenye nyumba kisogo. Wala hapakuwa na ulaghai. Aliyeita alijua anachezewa, na aliyeitwa alijua ataitwa. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Basi, miaka ya tisini, kulikuwa na mama mmoja Mwitaliano aliyekuwa akinunua vinyago kwetu, akiitwa Lina. Akaja na wazo. Kwao, msimu wa kuvuna zabibu, watu huzunguka mashamba ya mvinyo wakionja. Alitaka wachongaji wawili wakae kwenye nyua za mashamba hayo, wachonge mbele ya wageni, wageni wavutike, wanunue. Tulikuwa twende mimi na mjomba. Pasipoti ya mjomba ikakwama katika ofisi fulani, na mpaka leo sijui ilikwama kwa nani. Nikaondoka peke yangu na masanduku yetu ya twiga. Niliyahesabu mara mbili Nairobi na mara mbili Milano. Masanduku yalitimia. Aliyepungua ni mjomba.

Nisikudanganye, nchi ile ni nzuri. Tulianza Veneto, tukateremka Toskana, tukapanda tena mpaka Piemonte, mimi na dereva wa Lina aliyeitwa Gino, mtu wa kupiga mbinja kutwa bila kusema neno. Vilima vyote vimesukwa mistari ya mizabibu kama kichwa cha msichana wa shule Jumapili jioni. Chini ya nyumba kuna maghala ya baridi yenye mapipa ya mbao, na moja nililipima kwa macho nikaona familia yetu yote ya Makongeni ingeenea ndani, na mgeni akapata pa kulala.

Lakini kilichonishangaza ni kuonja kwenyewe. Mtu anamiminiwa mvinyo, anautazama kwenye mwanga, anaunusa kama daktari, anautia mdomoni, anausukutua, halafu anautema kwenye ndoo. Akimaliza kuutema anausifu! Kwetu Makongeni ukitema kinywaji cha mtu mbele yake, mwanangu, hiyo ni kesi. Nami nilikuwa wa kanisa lisilogusa pombe. Nilikaa hapo na patasi yangu nikijiuliza kama anayetema ametenda dhambi nzima au nusu.

Upweke wa huko haukuwa wa kukosa watu. Watu walijaa. Walizunguka kiti changu, wakatazama mikono yangu, wakapiga picha, wakaenda kula. Hakuna aliyetaja jina langu. Lina alikuwa mwema, lakini yuko mbio kila saa, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Siku ambazo hatukuwa safarini nililala katika chumba nyuma ya bohari lake, karibu na kituo cha treni. Asubuhi nilijisalimia kwenye kioo, "Niaje, Kioko," nikajijibu, "Poa," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku. Hujui uzito wa lugha yako mpaka uibebe bila pa kuitua.

Ndipo tukafika shamba la mzee Ernesto.

Lilikuwa shamba dogo, juu kabisa ya kilima, ukungu umelala bondeni kama maziwa. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mrefu, koti limechakaa kwenye viwiko. Wageni walipokwisha kwenda kuonja, alikuja akasimama mbele yangu, akainua twiga mmoja, akamgeuza.

"Wewe Kamba?" akaniuliza.

Patasi ilinitoka mkononi. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Mzee, umejuaje?"

"Mdomo. Kamba nachonga nyama yote kama nacheka."

Nilicheka mpaka nikaona haya, maana ni kweli: wanyama tunaowachonga sisi Wakamba wote hutabasamu. Kumbe wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walimkamata Ethiopia, akiwa askari kijana wa Kiitaliano, wakamleta Nanyuki kama mfungwa, akavunja mawe ya barabara miaka mingi. Kiswahili alikiokota jikoni na kwa askari, na hakuwa amekutana na mtu wa kukisema naye tangu arudi kwao.

"Mlima bado iko?" akaniuliza, akimaanisha Mlima Kenya.

"Iko, mzee. Hatujauza."

"Na wewe nasema na nani hapa?"

"Na kioo."

"Mimi nasema na kuku. Kuku najua Kiswahili. Lakini hapana jibu."

Tulikaa pale siku mbili, na siku hizo mbili sikunyamaza. Nilimwambia habari za Makongeni, za baba, za mjomba na pasipoti yake. Yeye aliniambia kuhusu baridi ya Nanyuki alfajiri, na mpishi mmoja Mmeru aliyemfichia viazi. Alinishusha ghalani, akanimiminia kikombe kutoka pipa la nyuma kabisa. Nikamweleza habari za kanisa la mama.

"Mungu ya mama yako naona mpaka hapa?" akasema. "Leo iko ukungu mingi."

Nikanywa. Sikutema. Mvinyo ulikuwa mkali, una ladha ya zambarau na ya mbao, na ulipofika tumboni nilitamani kumwambia mtu, na nilikuwa na wa kumwambia.

Siku ya pili alasiri, Gino akipakia masanduku, mzee aliniita kando, kwenye mlango wa jiko.

"Kioko," akasema. Alilitamka jina langu vizuri, kama Mkamba wa Machakos. "Lina nauza nyama yake peke yake. Wewe kaa hapa mpaka siku ya ndege. Chumba iko. Jiko iko. Tunaongea tu."

Mwanangu, moyo wangu ulisema ndiyo kabla hajamaliza. Kaa, uongee, uitwe jina lako asubuhi na jioni. Sikuwa nikitaka kitu kingine katika nchi ile nzima. Lakini kichwa kilikuwa kimelelewa Gikomba. Kikaanza kazi yake. Huyu anataka nini? Mbona hakutaja bei? Nilikotoka, kitu kisichotajwa bei ndicho cha kuogopwa. Na hata kama ni kwa wema, usionekane una njaa nacho. Acha akutake zaidi. Acha aseme mara ya pili.

Nikasema, "Haya, mzee. Nitafikiria. Tutaonana."

Nikachukua mfuko wa patasi, nikageuka.

Nilitembea polepole kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Njia ilipita katikati ya mistari miwili ya mizabibu, majani yameanza kuwa mekundu. Nilitega masikio nyuma. Hakuna. Nikasimama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Hakuna. Nikatoa jiwe ndani ya kiatu, na jiwe lenyewe halikuwamo. Gino akanifungulia mlango wa gari. Nikatazama nyuma: mzee amesimama pale pale mlangoni, mikono imening'inia. Nikasema moyoni, huyu anajikaza, gari likinguruma ataita.

Gari likanguruma. Tukateremka kilima. Kwenye kila kona nilimngoja Gino asimame aseme kuna mtu anatuita, naye aliendelea na mbinja zake.

Nikarudi boharini kwa Lina. Siku zikawa za mkate na za dirisha. Nilijiambia kwamba mzee angetuma mtu. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyokubali, kwa kusitasita kidogo.

Juma lililofuata Lina alipita kule kuchukua mvinyo. Aliporudi alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Kwa nini ulimkatalia Ernesto?"

"Sikumkatalia! Nilisema nitafikiria."

"Yeye alikuona ukiondoka. Alikuwa ameshatandika kitanda."

"Si angeniita?"

Lina akatafuta maneno. Mzee alimwambia hivi: kule kambini aliitwa kwa filimbi miaka yote, akahesabiwa asubuhi, akahesabiwa jioni. Siku alipofunguliwa aliapa kwamba mtu yeyote akielekea langoni, yeye hatamwita. Mtu na aende huru. Aliniheshimu, mwanangu. Alinipa heshima kubwa aliyokuwa nayo, nami nilikuwa njiani nafunga kamba za viatu nikisubiri anipigie kelele.

Jumapili hiyo hiyo nilipanda treni peke yangu, kisha basi, kisha miguu. Njia nzima nilijifunza sentensi yangu: "Mzee, nataka kukaa." Haina ujanja, haina kusitasita. Nilipofika juu nilikuta madirisha yamefungwa. Jirani, mama mwenye kilemba na ndoo, alitoka akanieleza kwa mikono. Akashika usukani wa hewani: gari. Akaonyesha kimo cha mwanamke: binti. Akajikumbatia akatetemeka: baridi. Mzee amepelekwa mjini kwa bintiye mpaka baridi iishe. Nilimwuliza mji gani, mtaa gani, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa vidole. Akainua mabega. Alinihurumia, akaniletea kikombe cha mvinyo, nikaunywa nimesimama uani, yeye akinitazama, mimi nikitazama mlango. Sentensi yangu nilibaki nayo.

Ndege yangu ilikuwa Jumanne.

Nyumbani nilipokewa kama shujaa. Jioni sebule ilijaa, nami nikasimulia: mapipa, ndoo ya kutemea, Gino na mbinja. Mjomba Nzioka alicheka mpaka akashika ukuta. Nikafika kwa mzee Ernesto na jinsi nilivyompa mgongo, na jinsi alivyokataa kuita, na mjomba akasema, "Huyo mzungu ni mgumu! Huyo angeweza kuuza pale Gikomba!"

Mama alikuwa anakata mboga za sukuma pembeni. Hakucheka. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kioko, huyo mzee alikuwa anakuuzia nini?"

"Hakuwa anauza kitu, mama."

"Sasa wewe ulikuwa unateremsha bei ya nini?"

Mama akaendelea kukata sukuma, nami nikatoka nje nikasimama kwenye uzio wa reli mpaka chakula kikaiva.

Lina alipokuja kununua tena, aliniambia mzee hakurudi kilimani. Shamba limeuzwa. Baadaye Lina naye akaacha kuja, na hapo hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza.

Kwa hivyo sikiliza, mwanangu. Sikukatazi hila za sokoni. Juzi tu nimempa kisogo muuza nyanya wa Jogoo Road, akaniita, tukaelewana, sote tukafurahi. Sokoni geuka kadiri upendavyo. Lakini mtu akikutolea kiti nyumbani kwake, akakuambia kaa, usimpime. Kama unataka kukaa, sema nataka kukaa, uone haya baadaye ukiwa umeketi. Usimwekee mtu mtihani ambao hajui kwamba anaufanya. Wewe unangoja aite, yeye anangoja ugeuke, na gari linateremka kilima.

Na upande wa pili nao, kwa sababu siku moja utakuwa wewe uliye mlangoni. Mimi niko mlangoni sasa. Wanangu huja Jumapili wakiwa wamesimama nusu, funguo za gari mkononi, wakisema, "Haya baba, tutaonana." Sina kiapo cha kambi mimi. Naita. Naita mpaka majirani wanasikia: "We! Rudi hapa, keti, chai iko jikoni!" Wapo wanaorudi. Wapo wanaosema wana haraka, wakaenda. Lakini hakuna aliyeteremka ngazi zangu akijiuliza kama alitakiwa abaki.

Nenda salama basi, popote kazi itakapokupeleka. Mungu akukutanishe na mtu wa kulitamka jina lako vizuri ugenini. Akupe ulimi mwepesi wa kusema ndiyo mahali moyo umeshasema, akufungulie mlango ungali na mwenyewe ndani, na akurudishe kwetu mzima, ukute taa inawaka na mtu anakuita.