Sidii Niliyoondoka Nayo Mkononi

Nikifika karibu na duka la yule fundi kompyuta hapa Nachingwea, navuka barabara. Simwogopi yeye, nauogopa mdomo wangu.

Mama yangu ni nyakanga kule Nandagala, yaani ndiye mkuu wa unyago, anayewafunda wasichana waliovunja ungo. Nyimbo za ndani, zile ambazo haruhusiwi kuzisikia mwanamume wala msichana ambaye hajachezwa unyago, anazo yeye kichwani. Miaka ya nyuma alikuja mgeni, mwanamke msomi wa mambo ya mila, akaomba azirekodi zisije zikazikwa na mwenyewe. Mama alikubali kwa sharti moja, zibaki kwa wanawake. Wakajifungia chumbani, akaimba, na baadaye mgeni akamletea sidii. Ni moja tu, na mama akaifunga kwenye kipande cha kanga na kuitia sandukuni.

Deki ilipokufa na sidii ikaanza kuchubuka, aliniita mimi, binti yake mwalimu. "Mwanangu, hii nakukabidhi. Isifike kwa wanaume."

Laptop yangu haina pa kuingizia sidii, za siku hizi hazina. Nikaenda kwa fundi, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye bado ana kompyuta ya zamani yenye mlango wa sidii. Akaniambia sidii imechoka, kunakili wimbo mmojammoja kutakwama. Bora aivute yote ilivyo, iwe faili moja. Halafu ana programu ya kulifungua faili hilo, inaidanganya kompyuta kwamba sidii imo ndani, kumbe mlango mtupu. Kweli, ikatokea draivu mpya kwenye kioo, na nyimbo zote zimejipanga humo.

"Hii tunaiita draivu hewa, mwalimu," akasema. "Kama wale wafanyakazi hewa."

Na mimi nikacheka! Nikamwambia azime sauti, hayo ni mambo ya wanawake. Akazima. Akanakili faili kwenye flashi yangu, nikachukua flashi, nikachukua sidii, nikamshukuru, na juu ya hapo nikamwombea kwa Mungu. Kumwambia afute kwake, hata haikunijia. Nasimama mbele ya watoto wa watu nawafundisha, lakini akilini mwangu sidii ikishatoka mlangoni imetoka. Faili lilibaki kwenye mashine yake, na ile draivu yake ya uongo ikabaki wazi. Na kazi kubwa ya duka lile ni kuwawekea watu nyimbo kwenye simu.

Wiki chache baadaye nilikuwa na mama Ruangwa mjini, tunanunua kanga za binti wa kaka yangu, maana mwaka huu ilikuwa zamu yake kuchezwa. Tukapita kwenye kijiwe cha bodaboda. Kwenye spika yao kulikuwa na mwanamke anaimba. Nilimtambua kabla mama hajajitambua.

Maneno yale siyaandiki hapa. Wanaume wale wanayarudia kwa sauti, wanapigana makofi, mmoja kafunga koti kiunoni anakata mauno. "Huyu bibi noma!" Nikawavamia. "Zimeni! Zimeni hiyo, hamna mama zenu nyie?"

"Dada, kwani spika yako?"

Nilitaka kuibamiza chini ile spika. Mama akanishika mkono. Alikuwa amejifunika kanga mpaka usoni, zimebaki nje kope tu. "Twende, mwanangu," akaninong'oneza. "Usiwaambie ni mimi."

Kesho yake nilikuwa dukani kwa fundi kabla hajamaliza kufungua. Nilimtukana, sikatai. Akanisikiliza, kisha akasema, tena kwa upole, "Mwalimu, mimi sidii yako sikuchukua. Si uliondoka nayo?" Mteja alitaka ngoma za asili, yeye akaona draivu ina ngoma za asili, akaweka. Kila aliyefuata akataka na yeye.

"Ila nakutolea sasa hivi," akasema. Akabonyeza mara moja, draivu ikapotea kwenye kioo. Akafuta na faili. "Haya, haipo tena."

Haipo! "Na simu za watu je?"

"Hizo siwezi kuzifuata, mwalimu. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Lo! Mwizi anakufariji kwa methali. Nilitoka mle nikiwa nalia kwa hasira, na mzigo wa hasira ile nilijua wapi pa kuutua: kwangu mwenyewe.

Shule zilipokaribia kufungwa, wanawake watatu wa pale kijijini walikuja kwa mama, nami nikiwapo. Walikaa mkekani, wakaulizia korosho, wakaulizia ufuta, mwisho wakatoa lao. "Mama, ugomvi na wewe hatuna. Lakini nyimbo zimetoka nje. Mwaka huu tumemwita nyakanga wa Nambilanje."

"Kosa ni langu mimi!" nikapiga kelele.

"Nyamaza," mama akasema. "Nilikupa kwa mkono wangu."

Binti wa kaka alichezwa. Mimi niliingia ndani pamoja naye, mama alibaki nyumbani kwake anachambua mchicha. Nyakanga mpya ni mwanamke wa umri wangu. Nilimuuliza nyimbo za kwetu kajifunzia wapi. Kwenye simu, akajibu bila hata kupepesa macho. Na wale waliomvua mama kazi kwa sababu ya simu hizohizo wamekaa pembeni wanapiga vigelegele! Nilijizuia kwa ajili ya mtoto tu.

Wimbo wa mwisho ulinishangaza, uliisha upesi kuliko nilivyoimbiwa mimi. Niliporudi nikamweleza mama.

Akaweka ungo chini. "Wameruka ubeti," akasema. "Siku ile ya kurekodi mgeni aliogopa kuachwa na basi, nikauruka. Ndio wenyewe ule, unaomwambia mtoto kwamba mwili wake ni wake. Mengine yote yanauzungukia huo."

Nilikuwa nimeusahau. Nilichezwa nikiwa mdogo, nikaharakishwa kurudi shule ya bweni. Nikapiga magoti mbele yake. "Niimbie mama, tafadhali. Niimbie mimi peke yangu."

Hakukasirika.

"Nikuimbie wewe," akasema, "ukauweke wapi?"