Injini Iliyokataa Rangi

Telesphory Ntakije hapaki rangi juu ya uchafu. Hilo hata wasiompenda wanakubali kulisema, na wasiompenda ni wengi.

Sehemu yake ya kazi iko Gungu, mjini Kigoma, nyuma ya maduka ya vipuri: mabati machache juu, sakafu ya saruji iliyolowa mafuta, na upande wa kulia ukuta wa matofali unaofika kifuani. Ng'ambo ya ukuta huo yuko Jeremia Bukuru, fundi wa bodi za magari. Wanaonana kutwa nzima. Hawajaamkiana kwa miaka sita.

Telesphory ana miaka sitini na mmoja, Jeremia arobaini na minne. Kwa umri huo shikamoo inapaswa kutoka kwa Jeremia, na kila fundi wa pale anajua kwa nini haitoki. Mama yake Jeremia alipozikwa Buzebazeba, mafundi wote walifunga kazi wakaenda. Telesphory hakwenda. Alikuwa ameshachanganya rangi ya injini ya lori, na rangi iliyochanganywa haimsubiri mtu. Alipomaliza na kunawa mikono kwa petroli, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hata matangani hakufika. Alipoulizwa, alijibu kwamba angefika amechelewa, na yeye hapendi kuchelewa.

Kinachowafunga pamoja ni umeme na hewa. Mita ya umeme ni ya Telesphory. Kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia rangi, ni ya Jeremia. Hakuna anayeweza kupaka bila mwenzake, kwa hiyo wanapohitajiana huzungumza na ukuta.

"Kuna mtu anataka hewa," atasema Telesphory akiwa ameinamia kazi yake.

"Kuna mtu hajawasha umeme," ukuta utajibu.

Mwaka jana, kiangazi kilipoanza, Eliakimu aliwaletea Land Rover moja wote wawili. Eliakimu ni karani mstaafu wa mahakama, mkazi wa Ujiji, mtu wa kuandika tarehe. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Lilikaa nyuma ya nyumba miaka kumi na mmoja, injini imetolewa na kulazwa stoo, na sasa alitaka lirudi kama lilivyokuwa baba yake akiliendesha. Bodi ilikwenda kwa Jeremia. Injini ilikwenda kwa Telesphory, maana Gungu nzima hakuna mwingine anayesifiwa kwa kupaka injini. Wengine hupiga rangi ya fedha juu ya kutu, wakamkabidhi mwenye gari kabla haijakauka.

Injini ilifika ikiwa na ganda jeusi lenye unene wa ukucha. Telesphory aliona oili ya zamani, kama iliyoko kwenye kila injini. Alilikwangua kwa bisibisi bapa, akasugua kwa brashi ya waya, akaosha kwa mafuta ya taa, kisha petroli, kisha maji na sabuni ya unga. Alitumia siku nne kwenye kazi ambayo wengine huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Aliziba matundu yote kwa vitambaa, akapulizia praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, akasubiri, akapulizia rangi ya kijani iliyopauka, ile ya kiwandani, ambayo alikuwa ameichanganya mwenyewe akilinganisha na kipande kidogo kilichosalia chini ya bomba la maji.

Ilipendeza. Wapita njia walisimama.

Yeye haamini rangi ambayo haijaonja moto. Aliifunga injini kwenye fremu ya chuma, akaiunganishia pipa la maji ya kupoza, akaiwasha. Dakika arobaini baadaye ubavu wa bloku, ule mwili wa chuma wa injini, ulianza kuota malengelenge, kwanza madogo kama ya tetekuwanga, kisha makubwa. Alipogusa moja kwa kidole, rangi ilitoka nzima kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake chuma kilikuwa na utelezi.

Alikwangua yote akaanza upya. Safari hii aliosha mara mbili. Alipoipaka na kuiwasha tena, malengelenge yalitokea mapema zaidi.

Siku hiyo Eliakimu alikuwepo, na mafundi wasiopungua kumi walikuwa wamesogea kutazama. Telesphory alizima injini. Alisugua utelezi ule kati ya dole gumba na cha shahada, akaunusa, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akageukia ukutani na kumtazama Jeremia usoni.

"Mafuta haya yanatoka kwenye kompresa yako," alisema. "Unanipulizia mafuta ndani ya hewa, makusudi. Wewe ni mchawi wa kazi za watu."

Mbele ya watu, neno hilo halisemwi kwa mzaha. Jeremia aliingia kwake akatoka na shati jeupe, lake la kanisani, akalitundika kwenye msumari, akafungua mpira wa hewa na kulipulizia mpaka kompresa ikaanza kunguruma upya. Akalishika juu, mbele na nyuma. Lilikuwa jeupe vilevile.

"Leo umeisafisha," alisema Telesphory.

Baadhi walicheka, na hawakuwa wakimcheka Jeremia. Eliakimu alitoa daftari lake dogo. Alisema hakuja Gungu kuamua kesi, kesi alishaziacha. Alichotaka ni injini. Angempa Telesphory nafasi ya tatu na ya mwisho. Rangi ikibanduka tena, injini ingeruka ukuta, iende kwa Jeremia, na yeyote atakayemuuliza ni nani hupaka injini Gungu angemwambia ukweli.

Telesphory alielewa uzito wa maneno hayo. Hana duka, hana shamba. Ana jina, na jina lenyewe ni la kazi moja.

Aliivua injini hadi mfupa. Alitoa kila kisichokuwa chuma cha kusubu, akabaki na bloku tupu. Ujanani alifanya kazi katika karakana ya meli, na huko vyuma vilivyokataa kutakata vilichemshwa. Alipasua pipa kwa urefu, akalijaza maji, akamimina kostiki, yale magadi makali ambayo kila nyumba inayopika sabuni mkoani Kigoma inayajua, akawasha kuni chini yake na kuitumbukiza bloku kwa mnyororo.

Asubuhi hiyo Eliakimu alikuja na mkewe, Agnesi. Mama huyu amekulia Simbo, kwenye michikichi, na amepika mawese na sabuni tangu hajaolewa. Hakuwa amefika Gungu hata mara moja kwa ajili ya gari. Alikuja, alisema baadaye, kwa sababu mume wake alikuwa haongei kitu kingine nyumbani na alitaka kuiona hiyo injini inayomnyima usingizi.

Maji yalipochemka, povu lilipanda. Telesphory alitarajia maji meusi. Lililopanda lilikuwa povu zito, la rangi ya chai ya maziwa, likajaa hadi ukingoni, likamwagikia kuni. Alilikoroga kwa nondo. Likazidi. Mafundi walianza kusogea tena, na Jeremia akaweka viwiko vyake juu ya ukuta.

Agnesi alisogea karibu. Alichota povu kidogo kwa kijiti, akalipuliza lipoe, akalisugua kiganjani.

"Fundi, hii ni sabuni," alisema.

Telesphory alimwambia kwamba hajatia sabuni humo.

"Hujatia, unaipika. Kostiki umetia wewe. Mawese nimetia mimi."

Akaeleza bila aibu, maana hakuona kosa. Kwao Simbo chuma hakilali kikavu. Jembe, panga, shoka, hata kinu cha kukamulia, kila masika vinapakwa mawese ili unyevu usivile. Injini ya baba mkwe ilipolazwa stoo, aliipaka, na kila masika akairudia, miaka kumi na mmoja. Mwaka mmoja aliipasha kwa makaa kwanza ili mafuta yazame vizuri. Ndiyo maana haikupata kutu. Mume wake hakujua, kwa kuwa stoo haingii.

Kwa hiyo ganda lile jeusi halikuwa oili. Yalikuwa mawese yaliyokauka na kugeuka rangi, na mengine yalikuwa yamezama ndani ya vinyweleo vya chuma, mahali ambapo petroli haifiki. Kila injini ilipopata joto, yalitoka jasho na kuisukuma rangi.

Povu lilikuwa likizima kuni. Watu waliokuwepo siku ya shati jeupe karibu wote walikuwepo tena, na wote walikuwa wakimtazama Telesphory. Yeye aliendelea kukoroga.

Jeremia ndiye aliyesema. "Niliitwa mchawi hapa, mbele ya hawa. Niite jina langu mbele ya hawa hawa, useme ulikosea. Nami nitakuamkia, mzee, yaishe."

Telesphory alisema hewa ile inaweza kuwa haikuwa na mafuta.

"Sijakuuliza habari za hewa."

"Kuni zinazimika," alisema Telesphory, akainama kuzisukuma.

Jeremia alingoja mpaka alipoinuka. Kisha aliufungua mpira wa hewa uliopita juu ya ukuta, akauvuta upande wake, akauzungusha mkononi polepole kama anayeanua kamba ya nguo. Agnesi alimwambia mumewe kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wa siku hizi wamekwisha.

Bloku ilichemshwa mara tatu, kila mara kwa maji mapya, hadi maji yalipobaki maji. Ilikauka, ikapigwa msasa, ikawa ya kijivu na isiyo na doa. Lakini rangi isingeweza kupuliziwa bila hewa, na hewa ilikuwa na bei ya sentensi moja. Telesphory alikwenda sokoni akanunua brashi mbili za manyoya laini. Alipaka kwa mkono matabaka matano ya rangi, akingoja kila moja likauke, akilisugua kwa msasa wa maji kabla ya kupaka linalofuata. Kazi ya asubuhi moja ilichukua siku kumi na mbili. Katika siku hizo alizima pia umeme wa upande wa pili, na Jeremia akavuta waya kutoka kwenye duka la vipuri.

Eliakimu alirudi na saa yake ya mkononi. Injini, ikiwa imeunganishwa upya, ilinguruma kwenye fremu saa moja, kisha saa ya pili, kwa sababu yeye alitaka ya pili. Aliupitisha ukucha kwa nguvu ubavuni mwa bloku. Hakuna kilichotoka. Ukitazama kwa makini sana unaiona mistari ya brashi, myembamba kama ya jani la mchikichi. Eliakimu aliiona, akasema injini ibaki mikononi mwa aliyeipaka, akaandika tarehe.

Gari liliondoka Gungu siku ya Jumamosi, Agnesi akiwa mbele. Mafundi walipiga makofi kidogo, wakatawanyika kwenda kula. Telesphory alibaki akiosha brashi. Ng'ambo ya ukuta Jeremia alikuwa peke yake, akisugua mlango wa gari jingine.

"Hewa ya mtu fulani ilikuwa safi," alisema Telesphory, akiwa ameinamia kopo. "Alisingiziwa."

Msasa ulisimama.

"Waliosikia akiitwa mchawi wamekwenda kula," ukuta ulijibu. Kisha Jeremia akawasha kompresa, ingawa hakuwa na rangi yoyote ya kupulizia, akaiacha ingurume.