Siku Tano za Kukosa Darasa

Mpaka leo mtu akianza kunieleza habari za masharti, mimi hugeuza mazungumzo. Najua masharti hayana budi kuwepo. Mimi mwenyewe niliyasimamia miaka mingi nilipokuwa mwalimu, na wazazi walinichukia kwa ajili hiyo. Lakini najua pia yanavyoweza kumkaa mtu kichwani mpaka asione kitu kingine mbele yake, na nililijua hilo kwa kufanya jambo ambalo bado linanitia haya.

Tulikaa Kariakoo, nyumba ya makuti, mtaa wa pili nyuma ya soko, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kuu ya kwanza. Baba alikuwa seremala. Alitengenezea milango barazani, na unga wa mbao ulituingia mpaka kwenye ugali. Ada ya shule ya serikali hakuwa nayo, wala hakuona sababu ya kuficha. Nikaingizwa katika orodha ya waliosamehewa ada. Watu mtaani walisema nimebahatika, nimepewa bure. Bure gani! Nilipewa karatasi yenye masharti, na mwalimu wetu akatufasiria moja moja huku ametukazia macho.

Kila muhula ilibidi nipate nusu ya alama au zaidi katika kila somo. Somo moja likianguka, yote yameanguka. Na nisikose darasa zaidi ya siku tano. Ukifika siku ya sita jina lako linafutwa, mzazi alipe au mtoto arudi nyumbani akamshikie baba yake msumeno. Kufiwa kulikubaliwa kuwa udhuru endapo aliyekufa ni baba au mama. Basi, wengine hawakuandikwa. Sijui aliyeiandika karatasi ile alizaliwa wapi, lakini nadhani hakulelewa na bibi.

Sasa niseme habari ya mtani. Sisi Wazaramo, yeye Mnyamwezi, na utani wetu na wao haukuanza jana. Alikuwa mpagazi wa sokoni, mtu wa rika la baba, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa tatu. Kila asubuhi nilipopita kwenda shule alinizibia njia, anauliza mtumwa wake anapeleka wapi vitabu vya watu. Nami namjibu nakwenda kujifunza kuandika hati ya kumuuza yeye. Ananinyang'anya muhogo wangu, anautia mdomoni, na wenye magenge wanacheka. Hapakuwa na shikamoo baina yetu. Hakuna ampaye mtani wake shikamoo, labda akiwa amerukwa na akili.

Wakati wa vita walimchukua kubeba mizigo ya jeshi, yeye na ndugu zake wawili. Alirudi peke yake. Bega lake la kulia lilikuwa na kovu pana, ngozi imekufa, na hapo ndipo alipotua magunia ya watu siku zote. Habari hizi alinieleza baba. Yeye mwenyewe hakuzitaja hata siku moja.

Muhula ule ulikuwa wa masika. Homa ilinilaza siku nne, nikarudi darasani nimekonda na hesabu zimenipita. Mwalimu aliniita pembeni akaniambia nimebakiwa na siku moja tu, nisiichezee. Nyumbani nilichora mistari minne ya mkaa ukutani juu ya kitanda changu. Nikilala naiona, nikiamka naiona. Mama aliifuta mara moja akidhani ni uchafu, nikamfokea, Mungu anisamehe, nikaichora tena.

Kisha bibi akafa. Alikuwa mama yake baba, na ndiye aliyenilea mpaka nikaota meno ya pili. Alikaa Magomeni, ambako siku hizo kulikuwa mashamba na nyumba za kuhesabu, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Alikufa Jumamosi alasiri, tukamzika Jumapili katika mvua. Njia ilikuwa tope tupu, na wabebaji wa jeneza walipokezana kila hatua chache. Mtani hakupokezana na mtu. Aliliweka begani kwake, lile bega la kovu, akaenda nalo mpaka makaburini akimtukana marehemu njia nzima kwamba amekula sana ili awe mzito. Kaburini akarukia ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe tumbaku. Baba akampa tumbaku. Watu walilia na kucheka, na mimi nilicheka pamoja nao.

Jumatatu ikawa siku yangu ya tano. Nilikaa mkekani na wafiwa huko huko Magomeni, watu wanakuja kunipa pole, nami naitikia. Nitasema kweli, kwa kuwa wa kunicheka sasa wote wamekwisha: sikumlilia bibi siku ile. Nilikuwa nahesabu. Kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi, palikuwa na mtihani wa hesabu. Nisipoufanya nimekosa somo, na nimetimiza siku ya sita papo hapo. Masharti yote mawili ningeyavunja kwa siku moja.

Lakini Jumanne ndiyo siku tuliyokuwa tukiondoa tanga. Baba alisema mjukuu mkubwa haondoki kabla ya tanga kuondoka, watatucheka. Nikabishana naye. Nilimwambia watakaocheka ni hao hao watakaoniona msimu ujao nakokota mbao. Baba akajikuna kidevu, mwisho akasema niende, ila niwaage watu vizuri.

Basi Jumanne asubuhi nikaenda chumbani kuvaa nguo za shule nilizokuja nazo. Shati langu jeupe hakuna. Kaptula ya kaki hakuna. Mfuko wa vitabu hakuna. Nikasikia uani watu wanaangua kicheko, na nikajua.

Mtani alikuwa amejitia ndani ya shati langu. Vifungo havikufunga hata kimoja, tumbo lote nje, kaptula ameizungusha shingoni. Mkononi ameshika kitabu changu cha hesabu, juu chini, na mwiko wa ugali kwapani badala ya fimbo. Alikuwa mkuu wa shule yetu, Mzungu mtupu, anatembea kwa kutupa miguu na kusemea puani. Alikuwa akiita majina ya wafiwa. Aliyejibu kwa kuchelewa alipigwa kwa mwiko. Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu Jumamosi, aliitwa, akajibu kwa Kizungu cha kubuni, na wanawake wakaanguka mikekani kwa kucheka.

Kisha akaita jina la bibi. Akaita mara ya pili, akachungulia kitabuni, akatikisa kichwa.

"Hayupo. Leo siku ya tatu hayupo," akasema. "Huyu tumfute. Wanawe walipe ada."

Mama alicheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na shangazi zangu wakashikana. Baba alikuwa ameegemea nguzo, mabega yanamtikisika. Leo nayaona yote hayo. Siku ile niliona kitu kimoja tu, jua. Lilikuwa limepanda juu ya paa la jiko, na mimi sijavaa, na kati yangu na shule pana bonde lililojaa maji.

Nilimwambia anipe nguo. Akasema mwanafunzi hajaomba ruhusa. Nikamwambia tena. Akataka kikombozi, kitu chochote, hata fungu la mchicha, hata punje ya mahindi. Ilikuwa rahisi mno. Ningeokota kokoto nikampa. Au ningemwambia avue upesi asizitie kunguni nguo za muungwana, angecheka, yangekwisha, na mimi ningekuwa njiani. Kila mtoto wa Kizaramo anajua namna ya kumtoka mtani. Mimi nilijua kuliko wengi.

Badala yake nilimkamata shati kifuani nikalivuta, likapasuka kwapani. Nikamwambia:

"Umebeba mizigo ya watu mpaka akili imekutoka. Na mimi unataka niwe mpagazi kama wewe?"

Mpagazi nilikwisha kumwita mara elfu. Nimemwita punda, nimemwita mtumwa, nimemwita mla panya, naye ananirudishia mabaya zaidi. Lakini yale yote yalikuwa uongo wa kupendana, na kila mtu alijua ni uongo. Safari hii nilisema kitu nilichokuwa nakiwaza kweli, kila asubuhi nilipomwona ameinama chini ya gunia. Alinitazama, akaona kuwa nakiwaza.

Akavua shati. Akalikunja taratibu, mkono juu ya mkono, akaweka kaptula juu yake na kitabu juu ya kaptula, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kovu la begani lilikuwa limechubuka kwa ule mpini wa jeneza. Akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Haya, mwanangu. Nenda usichelewe."

Mwanangu! Shangazi yangu mmoja aliziba mdomo wake kwa kanga. Baba hakuniangalia. Nami nikaondoka, wala sikuaga mtu.

Jangwani nilivuka maji yamenifika kifuani, nguo na vitabu kichwani. Nilifika shuleni nimelowa, shati limechanika, mwalimu anagawa karatasi. Nikafanya hesabu zile. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ilinisaidia.

Mwisho wa muhula nilipata nusu ya alama na mbili zaidi. Siku za kukosa, tano. Mkuu wa shule, yule Mzungu wa kweli, alinisimamisha mbele ya wanafunzi wote, akasema huyu ameacha matanga ya bibi yake na kuvuka mafuriko ili asikose mtihani, na kwamba nchi hii inahitaji watu wa namna hii. Wenzangu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo, nitakuwa mwongo nisiposema, nilifurahi.

Nyumbani, jioni ya siku ile ya mtihani, niliambiwa yaliyotokea nyuma yangu. Watani wote, wake kwa waume, walivaa nguo zao na kuondoka. Walikuwa na haki ya kufagia ua na kutupa majivu ya tanga, hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna mwingine wa kuifanya. Baba aliyafagia mwenyewe, mbele ya wageni. Niliposikia hivyo ndipo nilipomlilia bibi.

Baba alinunua jogoo akanichukua mpaka sokoni kuomba radhi. Mtani alikuwa amekaa juu ya gunia anapumzika. Alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema hana kinyongo na mtoto, na jogoo turudi naye tumpikie mama, amekonda. Baba akamsihi angalau achukue, na atoze faini ya utani apendavyo, atuaibishe hadharani, lolote.

"Mtani humtoza mtani," akasema. "Huyu kijana ni mtu mkubwa. Mtu mkubwa hataniwi."

Alisema kwa upole, hakuwa akinikejeli. Ningependa angekuwa ananikejeli.

Tangu siku hiyo nilipopita sokoni nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, mwanangu, habari za masomo. Kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikamaliza. Muhogo wangu nilikuwa nao mkononi, mzima. Mara moja nilijaribu. Nilimwambia kwamba leo nimekuja na mnunuzi wake, apande mizani. Akatabasamu kidogo, kama mtu anavyotabasamu kwa mtoto wa jirani, akanipisha njia.

Sijawahi kupoteza msamaha ule wa ada. Sikuanguka somo hata moja, wala sikukosa siku ya sita. Nikawa mwalimu wa serikali, nikapelekwa bara, nikavaa viatu, nikanunua saa na koti.

Baba alikufa nikiwa huko. Nilipata ruhusa, maana baba yumo katika karatasi. Nilifika Kariakoo amekwisha kuzikwa, nikakaa siku tatu za tanga katika ile nyumba nyuma ya soko. Watani walikuja kwa sababu ya baba. Walimnyang'anya mjomba kilemba, wakavaa kanzu ya marehemu wakapiga randa hewani, wakamtoza mdogo wangu kuku wawili kwa kuwa hakulia vya kutosha. Mtani wetu naye alikuja, kichwa kimeota mvi, akanipa mkono na kuniambia pole, mwalimu, Mungu ndiye mpangaji.

Siku ya pili nilivua viatu vyangu nikavipanga mlangoni kabisa, pale wanapopita watu wote. Saa yangu nikaitia ndani ya kiatu kimoja, mnyororo nimeuacha ukining'inia nje. Koti nikalitundika kwenye nguzo ya uani, nikaenda kukaa mbali, mgongo nimewageuzia.

Siku ya tatu tanga likaondolewa, watani wakafagia ua wakicheka, wakafagia mpaka mlangoni. Nilipokwenda kutazama, viatu vilikuwa palepale, saa ndani yake, koti kwenye nguzo. Walikuwa wamefagia kuvizunguka.