Mkate wa Bwana Thorley

"Mama Plamedie, siku hizi harufu ya chakula haitoki kwako. Mnakula maombi?"

Anne, jirani wa chumba cha pili pale Ilford, pembeni mwa London, aliuliza kwa utani, lakini Zipporah hakucheka. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, posho ikakatwa, na baridi ile ya mwaka 2003 haikumwonea mtu huruma. Anne alipoona machozi, utani ukamtoka.

"Dada, kuna kanisa kule mjini kati, kila Jumapili wanagawa mikate. Norbert, yule mtu wa kwetu, ndiye anafagia pale. Nenda, atakuonyesha."

Akaenda, amemshika mwanawe Plamedie mkono. Ibada ilipokwisha, maskini wakapanga mstari mbele ya sanamu ya marumaru, mzungu mnene, kiganja kifuani. Kila mtu alisimama pale akasema, "Mungu ampumzishe Edmund Thorley, mfadhili wetu," ndipo kasisi akampa mkate.

"Ni nani huyu?" Zipporah alimnong'oneza Norbert, aliyemsindikiza mstarini.

"Mfanyabiashara wa zamani. Sema tu, mama, uchukue mkate."

"Aliuza nini?"

Norbert akakuna shingo. "Watu."

Akamweleza haraka haraka, mstari ukisogea. Thorley alikuwa mtoto wa muuza mishumaa. Alipeleka bunduki na vitambaa Afrika Magharibi, akanunua watu, akawapakia melini kama magunia, akawauza Barbados kwenye mashamba ya miwa. Sukari ikarudi London, naye akajenga jumba. Waliougua njiani walitupwa baharini. Uzeeni hofu ya kufa ikamshika, akaacha wosia wa mikate kwa sharti moja: anayekula amwombee.

Kaka yake Zipporah, Telesphor, kule kwao Uvira, Kongo, alifungwa kamba na waasi, wakamswaga na mizigo yao kichwani, na hadi leo hajulikani alipo. Sasa yeye amwombee mwenye kamba? Na asipomwombea, Plamedie ale nini? Tangu jana mtoto amekunywa chai tupu. Ee Bwana, mbona mtihani huu umeuweka juu ya chakula?

Zamu ikafika. Kasisi akatabasamu, akangoja, mkate mkononi. Plamedie akavuta koti la mama yake. Nyuma yao mwanamume mmoja akaguna, "Huyu naye anangoja siagi?"

Zipporah akamgeukia Norbert.

"Mwambie baba kasisi, mkate naomba anipe, mtoto hajala. Lakini aniache niwaombee wale waliouzwa."