Kila Kitu Kipo

Baba alipofariki, sikumruhusu mtu kushika hata sufuria. Nilikodi wapishi kutoka Bunda, wenye sare na kofia nyeupe, wakaja na majiko yao ya gesi, sahani zao na viti vilivyovikwa vitambaa. Maji nilileta kwa gari mpaka uani kwetu, kijijini upande wa Butiama. Wageni waliotoka Musoma walinishika mkono wakaniambia ule ulikuwa msiba wa heshima. Mpaka leo nasema wali ulikuwa mtamu.

Kwetu mtu akifiwa, wanawake wa jirani hawaji mikono mitupu. Huyu anakuja na mzigo wa kuni kichwani, yule na ndoo ya maji, mwingine na unga wa muhogo. Wanawasha moto, wanasonga ugali, wanaosha vyombo, wanagombana kidogo kuhusu chumvi, na giza likiingia wanatandika mikeka na kulala palepale na mfiwa. Kazi ndiyo inayowapa nafasi ya kukaa. Siku ile nao walikuja na kuni zao kama kawaida, nami mwenyewe nikatoka kuwapokea. Nikawaambia kwa upole kabisa, "Mama zangu, pumzikeni. Kila kitu kipo."

Wakatua mizigo kando ya uzio wa minyaa. Wakakaa kwenye vile viti vya vitambaa, mikono mapajani, kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini. Wakala, wakashukuru. Jua lilipoanza kushuka walichukua mikeka yao, bado imekunjwa, wakaenda zao. Mama aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea njiani. Mimi nikadhani amechoka.

Nilikuwa na sababu zangu. Utotoni nilikuwa mtoto wa kutumwa. Shika kikombe, nenda kaombe unga. Kesho nenda kaombe mafuta ya taa. Keshokutwa kaa la moto. Nyumba moja walikuwa wakiniona tu getini wanasema, "Huyo kashafika," halafu wanacheka. Sidhani walikuwa na ubaya, maana unga walinipa. Lakini kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na nilipopata kazi Musoma nikaapa sitaomba kitu kwa mtu tena, awe hai au mfu.

Basi nikawa nanunua. Nilinunua ngazi ili nisiazime ngazi. Nikanunua panga, pampu ya baiskeli, masufuria ya sherehe ambayo sijawahi kuifanya. Nina toroli, na sina shamba. Kazini nilikuwa naisoma barua moja mpaka macho yanauma kabla ya kuituma, kwa hofu kwamba kosa dogo litawaonyesha wenzangu kuwa mimi bado ni yule mtoto mwenye kikombe. Nikinunua kiatu kipya, au pazia, najiona mtu kamili kwa muda. Kisha kiatu kinazoeleka, hofu inarudi palepale ilipokuwa. Watu waliniita mwanamke wa shoka. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa sijui kama hilo ndilo jina lake.

Mwili ndio uliochoka kwanza. Nilianza kusikia kizunguzungu ofisini, kichwa kinagonga, nikaenda hospitali wakanikuta na presha. Daktari akanipa masharti: tembea kila asubuhi, punguza chumvi na vya kukaanga, lala mapema, simu iache sebuleni. Nikawa naitikia tu. Halafu akauliza, "Unakula na nani?"

Nikamjibu kwamba nakula na televisheni. Nilidhani atacheka. Aliandika kitu, akaniangalia, akarudia kuuliza. Nilitoka pale nimekasirika kweli. Nilikwenda kupimwa presha, si kuhojiwa habari za nyumbani kwangu.

Lakini masharti niliyafuata, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuata masharti. Kila asubuhi nikawa natembea kutoka Nyasho mpaka Mwigobero, kule mwaloni wanakouzia samaki, kabla mitumbwi haijamaliza kuwashusha. Mwanzoni nilipita katikati ya wanawake wanaouza dagaa kama mkaguzi, siangalii kushoto wala kulia. Friji kubwa nililizima, nikaamua nitanunua samaki wa siku ile tu, nirudi tena kesho. Hilo daktari hakuniagiza. Nililiamua siku niliyofungua friji nikakuta sato walioganda ambao sikumbuki niliwanunua lini, na ni nani nilitegemea aje awale.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Niliacha kuangalia nguo na vyombo kwenye simu kabla ya kulala, nikazima televisheni wakati wa kula, na nyumba ikawa kimya mpaka nasikia ninavyotafuna. Kuna siku nililia katikati ya ugali wa dona, tonge mkononi, na sikuwa na msiba wowote mpya. Niliinuka, nikanawa uso, nikamalizia chakula maana kilikuwa kinapoa. Asubuhi nikaenda tena mwaloni. Taratibu nikaanza kuwaamkia wale wauza dagaa, nao wakaanza kunitania kwamba natembea haraka kama ninayedaiwa.

Jumamosi nilikuwa naenda kwa mama. Alikuwa amepungua. Nilimpelekea godoro, redio, taa za jua, blanketi zito, na kila nikija nakuta vitu bado viko kwenye mifuko ya dukani, havijaguswa. Nilimuuliza, "Majirani wanakujaga?" Akasema, "Wananisalimiaga kule njiani tu."

Jumamosi moja alitaka kupepeta mtama, na ungo wake ulikuwa umetoboka. Nikamwambia asihangaike, Bunda kuna nyungo nzuri, nitamletea hata mbili.

"Sitaki ungo wa Bunda," akasema. "Nenda kwa mama mdogo wako hapo, uniombee wake."

"Mama, ungo si kitu cha kuomba. Nitanunua."

Hapo akanigeukia. Mama yangu si mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile aliipandisha. "Nikiuazima atakuja kuufuata. Ukininunulia wewe, nani atakuja? Nikianguka humu ndani, nani atajua? Wewe si uko Musoma?"

Nilimwangalia amesimama mlangoni na ungo uliotoboka, mwanamke aliyelala matanga ya kila nyumba pale kijijini, na yeye matanga yake alilala na binti yake tu kwa sababu kila kitu kilikuwepo. Nikaogopa. Niliona kabisa siku nitakayofika Jumamosi nikakuta ameanguka tangu Jumatatu.

Mama mdogo huyo si ndugu wa damu. Ni jirani yetu wa upande wa pili wa minyaa, mdogo kidogo kwa mama, na ndiye aliyetangulia na kuni siku ile ya msiba. Kwake ni karibu, ukiita unasikika. Lakini nilitembea kule na mvi zangu kichwani kama mtoto aliyetumwa na kikombe. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba."

Nikasema shida yangu. Hakuinua uso. "Kwenu kunakosekanaga kitu?"

"Kunakosekana, mama mdogo."

"Mm. Leo ungo naufanyia kazi."

Ungo ulikuwa umetundikwa ukutani nyuma yake, mkavu. Wote wawili tuliuona. Zamani ningeaga kwa adabu, nikapanda gari mpaka Bunda, nikarudi na nyungo sita. Ila miguu yangu ilikuwa imeshazoea kufika mahali kila siku bila kujua itapokelewaje. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, nikaanza kumenya naye. Nilimenya vibaya, akaichukua ile yangu akaimenya upya. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza kama nimenyimwa. Nikasema anautumia. "Basi Jumamosi utarudi," akasema.

Nikarudi. Mara naomba mbegu za maboga, mara kisamvu, mara aninolee kisu. Wakati mwingine alinipa, wakati mwingine hakunipa, na ajabu ni kwamba siku aliyoninyima sikufa. Kutoka nyumbani kwake kuja kwetu nilikuwa nawaza, kumbe mtu anaweza kuniambia hapana na nikabaki mzima. Jambo dogo hilo, lakini mimi nilikuwa sijawahi kulijaribu.

Ndipo siku moja, kabla sijakaa, aliutoa ungo msumarini akanipa. "Usinirudishie," akasema. "Nitaufuata mwenyewe."

Nilitamani kuurudisha jioni ileile, mimi ambaye sijawahi kukaa na kitu cha mtu. Mama akanikataza. Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, mama mdogo akaja, na nyuma yake mwanamke mwingine wa pale pale kijijini. Hawakusimama njiani. Walipita uani, wakakaa chini kwenye mkeka, wakakuta mtama haujaisha, wakaanza kupepeta. Nikaona niseme nilichokuwa nacho.

"Siku ile ya msiba nilitaka kuwapumzisha."

Mama mdogo akapuliza makapi. "Nani alikwambiaga tumechoka?"

Yule mwenzake akacheka, mama naye akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yupo. Wakahamia lugha ya kwetu, wakaongea haraka, mambo ya watu nisiowajua, na mimi lugha hiyo niliiachia njiani tangu shule. Nikawa nashika neno moja moja. Nilifurahi kuwasikia tu. Na palepale, katikati ya furaha, nilijua kuwa mama amepata watu wake na mimi narudi Musoma peke yangu.

Nilifika kwangu jua bado lipo. Nikafungua mlango, nikakaa, nikainuka. Nikaamua kuomba kitu kwa jirani, nikaanza kuzunguka nyumba kutafuta ninachokosa. Chumvi ipo. Vitunguu vipo, kiberiti kipo, sukari ambayo hata situmii ipo. Nilifungua kabati baada ya kabati nikiomba Mungu kitu kiwe kimeisha. Hakikuisha chochote, nikatoka hivyohivyo, mikono mitupu, nikavuka barabara nikagonga geti la mbele yangu.

"Nani?" Sauti ya mwanamke, kutoka uani.

"Jirani."

"Jirani yupi?"

Nikatafuta namna ya kujieleza. "Wa hapa mbele. Geti jeusi, nyumba ya vigae, yenye matenki mawili."

Nilisikia ndala zake zinasogea.

"Ile ya ukuta mrefu?" akauliza. "Kumbe pale kunaishi mtu?"

Hakusema kwa dharau. Alikuwa anauliza kweli.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Naishi mimi."