Tulikwenda Msambweni Bila Kunywa Maji

Mimi sikai. Mara nimeinuka, mara niko uani, mara nimezunguka nyuma ya nyumba, na hapa Matuga watu wananiona nina kiherehere. Kiherehere gani! Ni mkojo. Tangu nilipomzaa kitinda mimba wangu, nikicheka unanitoka, nikipiga chafya unanitoka, nikiinua ndoo ndiyo kabisa. Udhu wa Magharibi haunifikishi Isha. Nimeyazoea hayo kwa miaka, nikijifunga vitambaa na kunyamaza.

Mwaka huu kunyamaza kulinishinda. Binti yangu aliyeolewa Ukunda alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumlea mzazi: amkande kwa maji moto, ampikie uji, alale naye kitanda kimoja mpaka arobaini itimie. Kitanda kimoja, jamani! Nikaanza visingizio. Mara kuku hawana wa kuwaangalia, mara mgongo, mara mahindi shambani. Mwishowe binti akasema, "Basi mama, mama mkwe atanikanda," akakata simu. Hakupiga tena. Nilijua anafikiri simtaki, na kila nikiwaza hivyo nilikuwa nikiinuka tena na kuzunguka nyumba.

Siku moja nilimnong'oneza muuguzi wa zahanati. Akaniambia kuna madaktari wanapanga utafiti wa tiba ya tatizo hili, na kabla hawajaanza wanataka kuwasikia wanawake wenyewe. Mkutano ungekuwa Msambweni, katika ukumbi wa kukodi. Nikaenda na nia moja tu: niingizwe humo, nipone, nikalale na mwanangu.

Ukumbini nilikuta kichekesho. Viti vya mbele vitupu, na wanawake wote wamesongamana mlangoni, karibu na njia ya choo! Daktari, msichana wa bara mwenye sura ya upole, alituamkia shikamoo, akatubembeleza, "Mama zangu, karibuni mbele." Hakuna aliyesogea. Niliwatazama wale wenzangu, nikataka kucheka, nikajizuia. Kucheka kwangu kuna gharama yake.

Akatueleza. Kundi moja la wanawake litafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya chini, kundi jingine litawekewa ukeni kipete laini cha kuzuia mkojo, kisha waangalie lipi linafaa. Lakini kwanza kila mmoja lazima ahakikishwe kweli ana tatizo. Je, tungekubali kukijaribu kipimo chenyewe, tuseme kinavumilika au la? Tukakubali. Tuliingia mmoja mmoja chumba cha nyuma na muuguzi mwanamke. Unasimama umetanua miguu juu ya karatasi, unakohoa kwa nguvu. Nilikohoa mpaka masikio yakavuma. Karatasi kavu.

Tuliporudi, daktari aliuliza, akashangaa. Karibu sote tulikuwa wakavu. Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuudhi, "Kwa kipimo hiki, karibu nyote msingeingia kwenye utafiti."

Wallahi damu ilinipanda! Nikasimama. "Mwanangu, mimi tangu jana usiku sijatia hata funda la maji mdomoni. Nimefunga, na si Ramadhani! Mwanamke mwenye shida hii akitaka kutoka kwake hanywi. Waulize hawa!" Ukumbi ukalipuka. Mmoja wa Wasini, ambaye alivuka kwa mashua, alisema hata uji aliuacha. Mwingine akasema, "Mie kichwa kinaniuma hapa nilipo, kwa kiu." Tulikuwa tumejikausha kwa heshima, tukaja kupimwa tumekauka!

Daktari hakukasirika. Akavuta kiti, akakaa katikati yetu kule mlangoni. "Sasa tufanyeje?" Hapo ndipo maneno yalipotoka. Mtupe maji hapa hapa tukifika. Choo kiwe hatua chache, kifungwe kwa ndani, kiwe na kopo la maji ya kutawadha. Ziwepo leso za kubadili. Asiwepo mwanamume hata wa kufagia. Naye akatuambia lazima wote tunywe kipimo sawa na kungoja muda sawa, la sivyo hawezi kutulinganisha. Hilo nalo tukaona lina haki.

Kisha akauliza, "Na tiba ikifaa, wewe utajuaje?" Mmoja akasema udhu udumu. Mwingine akasema acheze harusini kama watu. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema la udhu pia, lakini likanitoka jingine: "Nikalale na mwanangu akijifungua. Anadhani simpendi." Nikalia mbele ya watu nisiowajua, mtu mzima mimi. Nikauliza utafiti unaanza lini. Akanijibu bila kunificha kwamba kuna vibali, kuna maandalizi, bado sana. "Bado sana!" nilimwambia. "Mimba itawangoja?" Akanishika mkono, akasema mazoezi si siri, atanifundisha leo, ila yatachukua wiki nyingi. Nilijifunza, lakini moyo ulikuwa juu. Wiki nyingi sikuwa nazo.

Sikurudi Matuga. Niliteremka Ukunda na kwenda moja kwa moja kwa binti yangu. Nilimkuta kibarazani akikuna nazi, tumbo limemjaa mapajani. Aliniamkia bila kuinua uso. Sikungoja kukaribishwa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mkojo, vitambaa, kuku wa uongo, mahindi ya uongo. "Ndiyo maana nimekukimbia. Naogopa kukuharibia kitanda, naogopa wakweo wasikie."

Akaiacha mbuzi ya nazi, akanikodolea macho. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Miezi yote hii nalia, mama, kumbe ni hili?"

"Ndilo hili."

"Mimi nilikojoa kitandani mpaka darasa la nne. Tulikuwa tukilala pamoja, nakulowesha mgongo mzima. Kila alfajiri ulikuwa ukinibadili, ukafua, ukaanika nyuma ya nyumba kabla ndugu zangu hawajaamka. Ulimwambia nani?"

Nikaketi kibarazani kando yake.

"Hukumwambia mtu. Basi kalete nguo zako."