Kipimo cha Chukudu

Mchonga chukudu wa Nyabiondo hugonga kila ubao kwa kidole na kuusikiliza kabla ya kuukata. Chukudu zake, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, huteremsha magunia ya wanaume kwenye milima yote ya Masisi. Redio ikianza mjadala wa haki za wanawake hakasiriki; huhamia kwenye mpira huku akipiga mluzi. "Ile iko mambo ya wamama," husema, kwa upole wa mtu anayempisha mwenzake njiani. Mke wake akipita na gunia la maharage mgongoni, mkanda wa kulibebea umembana paji la uso, humsalimu kwa furaha, na ni furaha ya kweli.

Juzi Mama Epiphanie, mjane, aliagiza chukudu yake mwenyewe. Kimo cha usukani hupimwa kwa kuweka kiganja kwenye kifua cha mwenye chombo, na kifua cha mama wa watu hakiguswi. Basi fundi akamwita mke wake, maana kimo chake na cha mjane ni kimoja. Mke akatua gunia, akavua mkanda, akasimama wima. Fundi alipoinua macho aliona mfereji kwenye paji lake la uso. Akapitisha kidole polepole, kama anavyopapasa ubao wenye ufa.

"Uliumia wapi?"

"Ni mukanda, Papa. Iko tangu tulioana. Ni leo njo unaiona?"

Mke alikuwa anacheka. Fundi naye akacheka, akainama amtwike tena gunia lake, kwa mkono mmoja. Halikunyanyuka.